Baridi ndani ya hema: mbabula ibaki inje

KINDU, Maniema – Mwezi wa saba ukifika, saa kumi na moja za asubuhi, wavuvi wanaovuka Lualaba kutoka Alunguli wanavaa koti. Wamama wanaoshusha mihogo kando ya mto wanajifunika kitenge mpaka kichwani, na watu wanasalimiana wakinung'unika kwamba baridi ya mwaka huu imezidi. Lakini saa tatu jua linatoka, koti linavuliwa, na hakuna anayekumbuka tena baridi mpaka kesho yake. Hiyo ndiyo baridi tunayoijua sisi wakaaji wa Kindu: inakuja asubuhi kama mgeni, na kabla ya chakula cha mchana imekwisha kwenda zake.

Juma lililopita jirani wangu mmoja, msichana muuguzi ambaye hajawahi kuishi inje ya Maniema, alikuja kuniaga. Amepata kazi ya miezi sita katika milima ya Kivu ya Kusini, pahali ambapo wagonjwa wanapokelewa chini ya bashi na wauguzi wenyewe wanalala ndani ya hema. Alinionyesha mzigo wake. Kulikuwa na bulangeti mbili nzito, jozi nne za soksi, bidoni ya mawese kutoka kwa mama yake, na mbabula ndogo ya chuma aliyoinunua sokoni. Aliishika ile mbabula kwa furaha na kuniambia, yaya, kwamba hiyo ndiyo itakayomwokoa usiku.

Nilimwomba aiache hapa Kindu. Hakuelewa, na sikumlaumu, kwa sababu mimi pia sikuelewa mpaka usiku mmoja wa mwaka wa 2023.

Wakati ule nilikuwa nimetumwa karibu na Goma kuandika juu ya watu waliohama makwao kwa sababu ya vita. Tulikuwa watu watatu, na tulipewa hema moja katika kiwanja cha jengo fulani lisilokuwa na nafasi tena ndani. Mvua ilinyesha mchana wote. Jioni viatu vyetu vilikuwa vimejaa maji, na sakafu ya hema ilikuwa juu ya mawe meusi ya volkano. Mwenzetu mmoja akapata mbabula yenye makala mekundu, yaliyoshika vizuri, bila moshi hata kidogo. Tukaiingiza ndani, tukafunga zipu mpaka chini, tukanyoosha mikono juu ya moto, na kwa mara ya kwanza siku ile tukacheka.

Kama saa nane za usiku niliamka na kichwa kinachogonga kama ngoma. Mwenzangu wa kushoto alikuwa anatapika. Nilifikiri ni maharagwe tuliyokula, kisha nikafikiri malaria, maana mtu wa Kindu akiumwa kichwa anafikiri malaria kwanza. Wa tatu tulimwita, hakuitika. Nilijaribu kusimama, miguu ikakataa. Mlinzi wa kiwanja ndiye aliyesikia kelele ya kutapika, akafungua hema, akatuburuta mmoja mmoja mpaka inje kwenye manyunyu. Baada ya nusu saa katika hewa ya wazi yule wa tatu akafungua macho na kuuliza kwa nini amelowa. Sote watatu tulipona, na siku ya pili hakuna hata mmoja aliyekuwa na homa.

Huyo mlinzi hakuwa amesoma kemia, lakini alijua jambo ambalo mimi na diploma yangu ya chuo kikuu sikulijua: makala yasiyo na moshi ndiyo ya kuogopwa zaidi ndani ya nyumba iliyofungwa. Makala yakiungua bila hewa ya kutosha yanatoa hewa inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Ikiingia mapafuni inashikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu iliyoshikwa namna hiyo haiwezi tena kubeba oksijeni mpaka kwenye ubongo na moyo. Mtu anaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, halafu anakuwa mlegevu, halafu analala. Aliyekwisha kulala hapati hata nafasi ya kuumwa kichwa. Mama mwenye mimba yuko katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu hewa hiyo inapita mpaka kwa mtoto tumboni.

Hapa Kindu tunapika na mbabula kila siku na hatufi, kwa hiyo mtu anaweza kuuliza tofauti ni nini. Tofauti ni kwamba tunapika barazani au uwanjani, na nyumba zetu nyingi zina nafasi kati ya ukuta na bati. Hema haina nafasi hizo. Bashi ya plastiki haipitishi hewa kabisa, na hema ya kitambaa ikilowa, matundu yake madogo yanajaa maji na kufungika. Kufungua zipu kidogo hakutoshi. Wala kungoja makala yafunikwe na majivu hakusaidii, maana chini ya majivu moto unaendelea kutoa sumu ileile.

Alama moja nimeiweka kichwani tangu usiku ule. Kama watu wote wa hema moja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakitoka inje wanapata nafuu, hiyo si malaria. Malaria haipigi watu watatu saa moja na kuwaacha pamoja. Watoeni inje haraka, hata kama mvua inanyesha, fungueni hema yote, na yule asiyeamka abebwe mpaka kituo cha afya ambako kuna oksijeni.

Basi, kama moto haufai ndani, mtu atajikinga na baridi kwa nini? Hapo inafaa kwanza tujue baridi yenyewe ni ya kiasi gani na inatoka wapi.

Kindu iko kwenye mita karibu 500 juu ya usawa wa bahari. Goma iko karibu 1500. Milima ya Itombwe na Minembwe, ambako jirani yangu anaelekea, inapita mita 2500 pahali pengine. Kilele cha Nyiragongo kiko kwenye mita 3470. Kwa kawaida kila ukipanda mita 1000, hewa inapungua joto kwa digri 6 na nusu hivi. Piga hesabu: usiku ambao Kindu ina digri 21, milima ya mita 2500 inaweza kuwa na digri 8, na juu ya Nyiragongo unakaribia barafu. Bidoni ya mawese itakuambia habari hiyo kabla ya kipimo chochote. Hapa inamwagika kama maji. Kule asubuhi utaikuta imeganda, na utahitaji kijiko.

Lakini kosa letu kubwa sisi watu wa bondeni ni kufikiri kwamba baridi inatoka juu, hewani. Tunapanga bulangeti mbili, tatu juu ya mwili na kulala juu ya mkeka mtupu. Ndani ya hema baridi kubwa inatoka chini. Ardhi, na zaidi jiwe, inavuta joto la mwili usiku kucha na haishibi. Bulangeti iliyo chini yako imebanwa na uzito wako, hewa yote imetoka ndani yake, na ni hewa iliyotulia ndani ya nyuzi ndiyo inayozuia baridi, si nyuzi zenyewe. Ndiyo maana bulangeti moja juu na kitu kinene chini ni afadhali kuliko bulangeti tatu juu na mkeka chini.

Hilo nalo nilifundishwa, siku ya pili baada ya usiku wa mbabula, na mama mmoja katika kambi ya Kanyaruchinya, chini ya Nyiragongo. Kambi ile ilijaa watu kuanzia mwisho wa mwaka wa 2022, waliokimbia vita vya M23 katika Rutshuru na Nyiragongo. Wengi walifika na watoto mgongoni na sufuria kichwani, wakakata miti myembamba, wakaikunja kama mgongo wa kobe na kuifunika bashi, au majani pale ambapo bashi hazikutosha. Udongo kule ni haba. Ni lava. Huwezi kuchimba mfereji wa maji wala kupigilia kigingi, na jiwe hilo linalala na baridi ya usiku mzima.

Yule mama alikuwa na watoto wanne. Nyumba yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba niliingia nikiwa nimeinama na kutoka bila kunyooka. Lakini kitanda chake kilinishangaza. Kwanza aliweka mawe madogo, akayasawazisha kwa mkono mpaka yasichome. Juu yake kipande cha bashi ya zamani. Juu ya bashi, magunia mawili yaliyojazwa majani makavu ya migomba, yaliyoshonwa mdomo kwa uzi wa kamba. Halafu katoni, halafu mkeka, halafu watoto. Ukikaa juu yake unazama kidogo, kama kwenye godoro. Kila siku yenye jua aliyatoa magunia inje kuyaanika, kwa sababu majani yakishika unyevu hayazuii tena baridi, na pia wadudu wanahamia humo. Kile kipande cha bashi alikikunja ili kisipite ukingo wa nyumba hata kidole kimoja. Aliniambia kwamba kikitokeza inje kinakusanya mvua na kuileta chini ya watoto. Niliandika hilo kwenye daftari na kupiga mstari chini yake.

Sisi wa Kindu tunayo majani ya migomba na magunia hayohayo. Tofauti ni kwamba hatujawahi kuyahitaji.

Adui wa pili ni unyevu, na hapa mtu anajiharibia mwenyewe. Kila pumzi tunayotoa ina maji. Watu watano wakilala ndani ya bashi iliyozibwa kila upande, asubuhi utaona bashi inatoa jasho, matone yanaanguka juu ya bulangeti, na usiku unaofuata bulangeti ile ni nzito na haipashi joto. Wengi wanafikiri mvua imepenya. Wanaziba zaidi, na hali inazidi kuwa mbaya. Inafaa kuacha nafasi ndogo ya juu, upande usiopigwa na upepo, ili ile hewa yenye maji itoke. Usifunike uso ndani ya bulangeti. Vaa kofia badala yake. Nguo zilizolowa zisining'inizwe ndani usiku. Na nguo za kulalia ziwe nguo zisizofanya kazi nyingine: jozi moja ya soksi, suruali, triko la sufu, vyote vikavu, vikiwa vimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki mpaka saa ya kulala. Ukizivaa kwenda kuchota maji, umezipoteza.

Juu ya triko, neno moja kwa wanaonunua nguo za mtumba hapa sokoni. Jeans na fulana za pamba ni nzuri kwa Kindu, lakini pamba ikilowa inakaa na maji kwa saa nyingi na kuvuta joto la mwili. Sufu, na vile vitambaa vyenye manyoya vya makoti ya Ulaya ambavyo hapa hakuna anayevitaka, vinaendelea kupasha joto hata vikiwa na unyevu kidogo. Hapa Kindu wauzaji wanaviweka chini ya rundo. Mwambie muuzaji afukue.

Wale wanaolala kwenye hema kwa kazi yao wamelijua hili kwa taabu. Katika mlima Kilimanjaro, kule Tanzania, wapagazi wanaobeba hema za watalii kwa miaka mingi walipanda na viatu vya mpira na jaketi nyepesi mpaka kwenye barafu, na wengine walikufa kwa baridi wakiwa karibu na hema walizozibeba. Tangu mwaka wa 2003 kuna mradi mjini Moshi unaowaazima wapagazi nguo za baridi bila malipo, na sheria ya hifadhi inasema mpagazi asibebeshwe zaidi ya kilo 20. Wale ni watu wenye nguvu, waliozaliwa chini ya mlima ule. Nguvu peke yake haikuwatosha.

Turudi kwa joto. Ukitaka moto ndani ya hema bila moto, kuna bidoni. Chemsha maji inje, yaache yapoe kidogo, jaza bidoni ya plastiki ngumu ya lita 5, funga kizibo kwa nguvu, igeuze kichwa chini kuona kama inavuja, ivingirishe kwa kitenge na kuiweka miguuni au katikati ya mapaja. Maji yanashika joto kwa muda mrefu. Mara nyingi nimeamka usiku wa manane na kuikuta bado ina uvuguvugu. Chupa nyembamba za maji ya dukani hazifai, maana zinalegea kwa maji ya moto. Kwa mtoto mchanga bidoni isiguse ngozi. Kuna wanaopasha mawe motoni na kuyafunga kwa nguo, lakini jiwe lililotoka majini au lenye matundu yaliyojaa mvua linaweza kupasuka motoni na kumrukia mtu usoni. Mimi ninabaki na bidoni.

Halafu tumbo. Mwili ni mbabula ya kweli, na makala yake ni chakula. Anayelala na njaa atatetemeka hata ndani ya bulangeti tatu. Ugali, maharagwe, karanga, na yale mawese yaliyoganda, vikiliwa jioni, vinaunguzwa polepole usiku kucha. Nenda kukojoa kabla ya kulala, na ukiamka usiku na haja, toka. Kujizuia hakuleti joto, kunakunyima usingizi tu.

Na kuna lile jambo ambalo vijana wa Kindu hawatapenda kulisikia. Lotoko haipashi joto. Inafungua mishipa ya damu kwenye ngozi, damu ya moto inakimbilia inje, na mtu anasikia joto usoni na kifuani. Lile joto analolisikia ni joto linalomtoka. Ndani anazidi kupoa, na kwa kuwa amelewa hatambui. Nimesikia wachimbaji wetu wa dhahabu wakisifu kikombe cha lotoko kwa usiku wa mvua chini ya bashi msituni. Katika msitu wa Maniema ataamka na kichwa kizito tu. Kwenye mita 2500 anaweza asiamke.

Mwili wa binadamu una digri 37. Ukishuka chini ya 35 hatari imeanza. Alama za kwanza ni kutetemeka na vidole kushindwa kufunga kifungo. Halafu maneno yanavurugika, mtu anajikwaa kama mlevi, anakuwa mkali au mkimya. Alama inayodanganya wengi ni kutetemeka kukoma huku mtu bado ana baridi. Wenzake wanafikiri amepona, kumbe mwili umeishiwa nguvu za kutetemeka. Mtu huyo avuliwe nguo zilizolowa, apanguswe, avishwe kavu, alazwe juu ya kitu kinene, na joto lielekezwe kifuani na kwapani, iwe ni bidoni iliyovingirishwa au mwili wa mwenzake. Chai yenye sukari nyingi anaweza kupewa kama yuko macho na anameza vizuri. Asisuguliwe mikono na miguu, na asikokotwe karibu na moto mkali: damu ya baridi ikirudi ghafla moyoni inaweza kuusimamisha.

Watoto wachanga hawatetemeki. Hiyo ni sababu yao kufa kimya. Mtoto mwenye tumbo la baridi anayekataa kunyonya, hata kama mashavu yake ni mekundu na anaonekana analala vizuri, awekwe mara moja uchi kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akiwa na kofia, na wote wawili wafunikwe. Madaktari wa Bogotá, nchini Colombia, walianza kutumia njia hii mwaka wa 1978 kwa sababu hospitali yao ilikosa mashine za kutosha za kupasha watoto joto, na leo inatumika ulimwenguni kote. Jirani yangu muuguzi anaijua vizuri. Baba pia anaweza kuifanya, jambo ambalo kwetu wababa wengi bado wanalionea haya.

Pahali pa kusimamisha hema nako kunaua au kunaponya. Katika sehemu za Goma na Sake kuna mashimo na mabonde ambayo wenyeji wanayaita mazuku, upepo mbaya. Kutoka ardhini kunatoka dioksidi ya kaboni, ambayo ni nzito kuliko hewa. Usiku usio na upepo inajaa bondeni kama maji yasiyoonekana, na jua likipanda na upepo ukianza inatawanyika. Mbuzi na kuku wanakutwa wamekufa asubuhi bila kidonda. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita, na mtoto aliyemshika mkono akaanguka, kwa sababu pua yake iko chini zaidi. Sasa mfikirie mtu aliyelala juu ya ardhi. Kambi ya Bulengo, kando ya ziwa Kivu, ilijengwa katika eneo linalojulikana kwa mazuku. Kuna pahali penye vibao vya onyo, lakini kibao hakionekani gizani, na mgeni anayefika usiku anatafuta shimo ili ajikinge na upepo. Hata pasipo na mazuku shimo ni kosa, kwa kuwa hewa ya baridi nayo inateremka na kulala humo. Chagua pahali palipoinuka kidogo, si kileleni penye upepo, na uwaulize wenyeji kabla ya kupigilia kigingi cha kwanza.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni rahisi kuandika, na kwamba mtu mwenye watoto watano chini ya bashi hachagui pahali wala hapimi mita. Wana haki. Vipimo vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada yanavifuata, vinataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3,5 za kulala, na katika nchi za baridi 4,5 mpaka 5,5. Vinataka pia kila mita 300 za kambi kuwe na nafasi tupu ya mita 30 ya kuzuia moto. Bashi ya kawaida ya msaada ina mita 4 kwa 6. Aliyepita Kanyaruchinya au Lushagala siku zile anajua vipimo hivyo vilikuwa mbali namna gani na hali halisi. Vijumba viligusana. Mshumaa mmoja ukianguka, bashi inayeyuka na kudondosha matone ya moto, na jirani hana muda wa kuamka. Ndiyo maana hata mshumaa nauhesabu pamoja na mbabula: ubaki inje, na ndani iwe taa ndogo ya jua.

Na moto ule wa inje pia una bei ambayo haiandikwi sokoni. Kuni za kambi zile zilitoka kwenye hifadhi ya Virunga. Walioenda kuzitafuta walikuwa wanawake na wasichana, na wengi walibakwa njiani. Madaktari Wasio na Mipaka walisema hivyo waziwazi mwaka wa 2023. Kwa hiyo gunia la majani makavu chini ya watoto halikuwa jambo la starehe tu. Kwa yule mama wa Kanyaruchinya joto lililobaki kitandani lilikuwa safari moja ya msituni ambayo hakuifanya.

Mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka wa 2025 M23 iliingia Goma, na mwezi uliofuata kambi za kando ya mji zilifutwa. Watu waliambiwa warudi makwao, bashi zikang'olewa. Sijui yule mama na watoto wake wanne wamelala wapi tangu wakati ule. Kwetu Maniema wamefika wengine, waliotoka Walikale kwa miguu kuelekea Lubutu. Kule kwetu hali ya hewa ina huruma kidogo, ingawa mvua ya msitu usiku, kwa mtoto aliyelowa, inatosha kufanya kazi ileile.

Jirani yangu ameondoka siku ya Jumapili. Tulipanga mzigo wake upya katika baraza la mama yake. Bulangeti moja imebaki, na pahali pake tumeweka magunia mawili matupu, sindano kubwa ya kushonea na uzi. Triko la sufu tulilipata chini kabisa ya rundo, kama nilivyosema, kwa bei ambayo muuzaji mwenyewe aliionea haya. Bidoni ya mawese amekwenda nayo. Ikiisha ataitumia kwa maji ya moto. Mama yake aliichukua ile mbabula ndogo na jioni ileile alikuwa anachoma samaki juu yake uwanjani.

Jumanne usiku nimepata ujumbe wake kwenye simu. Anauliza kama majani ya mkalitusi yanafaa badala ya migomba, kwa sababu kule juu migomba haioti. Nimemjibu kwamba yanafaa, mradi yakauke kabisa.